Ubalozi ni Ofisi ya Mwananchi

(Hotuba iliyotolewa na wakili mbele ya wananchi wa Kiptere, Kaunti ya Kericho. Twaichapa yote kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala.)



Wazee wetu, akina mama, vijana, nanyi wachumaji chai mliotoka kazini mkaja moja kwa moja hata bila kubadili mabuti: twawashukuru kwa kutupokea. Tuliombwa kuja kuzungumza juu ya Katiba na haki za raia. Tutafanya hivyo, lakini tutaanzia mbali na hapa, katika nyumba moja ya ghorofa nchini Saudi Arabia, ambamo binti wa sehemu hii alikaa miezi minane akitaka kurudi nyumbani asiruhusiwe.

Mamake alikuja ofisini mwetu mjini Kericho akiwa na simu mkononi na bahasha ya karatasi kifuani. Kwenye simu mlikuwa na sauti ya bintiye akinong'ona kutoka jikoni usiku wa manane. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha. Mwajiri alimwambia kwamba hajaridhika na kazi yake, na kwamba ataondoka siku yeye mwajiri atakapopenda. Pasipoti ilikuwa imefungiwa kabatini. Mlango wa nje ulifungwa kwa ufunguo kila mwenye nyumba alipotoka.

Mama huyo alikuwa amefanya kila ambalo mzazi angefanya. Alikwenda kwa wakala aliyempeleka binti, akakuta ofisi imekuwa duka la nguo. Alikwenda kwa chifu, akapewa pole. Jamaa na majirani walifanya harambee, wakauza ndama, wakanunua tikiti ya ndege. Siku ya safari ikafika, ndege ikaruka, kiti cha binti kikiwa kitupu. Pesa za kijiji kizima ziliteketea kwa siku moja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba tikiti haifungui mlango ambao ufunguo wake ameushika mwajiri.

Nasi tulikosea, twakiri hapa mbele yenu. Barua ya kwanza tuliyoiandikia ofisi ya serikali iliyohusika ilikuwa ya ukurasa mmoja, imejaa unyenyekevu. "Twaomba msaada wenu wa huruma," tulisema. Hatukutaja nambari ya pasipoti, wala jina la mwajiri, wala mtaa, wala kifungu chochote cha sheria. Wiki saba zilipita bila jibu. Tulikuwa tumeandika kama waombao sadaka, na sadaka hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Tutarudi kwenye barua hiyo baadaye.

KIPANDE KIMERUDI

Wazee waliopo hapa walisikia kwa baba zao habari za kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kazi. Aliibeba ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumwachilia. Bila sahihi hiyo hakuandikwa kazi kwingine, na akiondoka bila ruhusa aliitwa mtoro, akasakwa na polisi kama mwizi. Mashamba ya chai ya wilaya hii yalipoanza kupandwa, mikono iliyoyapanda ilikuwa ya watu wenye vikopo shingoni.

Sehemu hii inajua pia maana ya kuzuiwa mahali. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu dhidi ya ukoo wa Talai, ikawahamisha familia kwa familia hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Huko hawakuweza kutoka bila kibali cha mtawala. Hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote.

Sasa tazameni mfumo unaoitwa kafala katika nchi za Ghuba. Mfanyakazi mgeni huwekwa chini ya mdhamini, ambaye mara nyingi ndiye mwajiri wake. Kwa miaka mingi mdhamini ndiye aliyeamua kama mfanyakazi atahama kazi na kama atapewa kibali cha kutoka nchini. Mfanyakazi akikimbia mateso, mdhamini anaweza kumshtaki kwa kosa liitwalo huruub, neno la Kiarabu ambalo maana yake ni utoro. Ni neno lile lile la bwana shamba wa 1920, limebadili lugha tu.

Ni kweli kuna mabadiliko. Qatar ilifuta sharti la kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na Januari 2020 ikawahusisha hata wafanyakazi wa majumbani, ingawa hao walitakiwa kumpa mwajiri taarifa ya saa 72. Saudi Arabia ilifanya marekebisho Machi 2021 yaliyowawezesha wafanyakazi wa sekta ya kibinafsi kuomba kibali bila idhini ya mwajiri. Lakini marekebisho hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, madereva, watunza bustani na wachungaji. Nani amekwenda huko kutoka Kiptere, Sigowet na Sosiot kama si hao? Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kutokana na masimulizi ya wanawake zaidi ya 70 wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia. Pasipoti zilizochukuliwa na milango iliyofungwa zimo humo, kama zilivyokuwa kwenye simu ya yule mama.

HAKI YA KUONDOKA

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 13, lasema kila mtu ana haki ya kuondoka katika nchi yoyote, ikiwemo yake mwenyewe, na kurudi kwao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 39, yasema kila mtu ana haki ya kuondoka Kenya. Kifungu cha 12 chasema kila raia anastahili kupata pasipoti. Tunavisoma vifungu hivi kwa wepesi leo, lakini havikupatikana kwa wepesi.

Kumbukeni yaliyompata wakili Gibson Kamau Kuria. Mwaka 1987 aliwekwa kizuizini bila mashtaka kwa kuwatetea waliokuwa vizuizini. Mwaka 1988 alitunukiwa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy huko Marekani, lakini hakuweza kwenda kuipokea kwa sababu serikali ya Kenya ilikuwa imemnyang'anya pasipoti. Alikwenda mahakamani. Jaji Mkuu wa wakati huo, Cecil Miller, aliamua kwamba haki zilizoandikwa katika Katiba haziwezi kutekelezwa kwa kuwa kanuni za utaratibu hazijatungwa. Na ni nani aliyepewa na Katiba kazi ya kuzitunga kanuni hizo? Ni Jaji Mkuu mwenyewe. Julai 1990, wimbi la kuwakamata wapigania vyama vingi lilipopanda, wakili huyo alikimbilia ndani ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na kutoka hapo akaondoka nchini.

Twalisema hili kwa sababu mbili. Kwanza, tusijidanganye kwamba kumfungia mtu nchini ni tabia ya Waarabu peke yao. Serikali yetu ilifanya hivyo kwa raia wake waliosoma na waliojulikana duniani. Asiyejulikana angekimbilia wapi? Pili, jeraha hilo liliacha dawa. Waliotunga Katiba ya 2010 waliandika katika kifungu cha 22 kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu yeyote kwenda mahakamani kudai haki yake. Waliandika pia kwamba mtu anaweza kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea. Mama wa binti aliyefungiwa jikoni ng'ambo anaweza kusimama mahakamani Kericho badala yake. Maneno hayo yamelipiwa, ndugu zangu. Tuyatumie.

UBALOZI UNA MAMLAKA GANI?

Wengi wetu tunaufikiria ubalozi kwa njia mbili, na zote zina kasoro. Wako wanaodhani balozi ni kama jenerali, aweza kutuma gari likavunja mlango. Wako wanaodhani ubalozi ni wa wakubwa, na mtu wa mashambani akipiga simu huko atajibiwa kwa fadhila. Sheria haisemi hivyo.

Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kikonseli wataja kazi za ofisi hizo. Miongoni mwazo ni kulinda masilahi ya raia wa nchi yake, kuwapa pasipoti na hati za safari, kuwasaidia, na kupanga wawakilishwe mbele ya mahakama na ofisi za huko pale wasipoweza kujitetea wenyewe. Hizo ni kazi za ofisi, kama vile kuhukumu ni kazi ya hakimu. Lakini mkataba huo huo wamtaka konseli aheshimu sheria za nchi alipo. Hawezi kuvunja mlango wala kufuta amri ya hakimu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: huyu aliyezuiwa, amezuiwa na nani? Tumeona aina tatu za kizuizi, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza ni kizuizi cha mwajiri: ameshika pasipoti au amekataa kutoa kibali. Kwa sheria zetu pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya. Anayeifungia kabatini ameshika mali ya Jamhuri. Hata sheria za Saudi Arabia zenyewe zakataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Hapa ubalozi waweza kumwandikia mwajiri, kuliarifu jeshi la polisi na wizara ya kazi ya huko, kutoa hati ya dharura ya kusafiria, na kufuatilia kibali cha kutoka. Ni muhimu mwelewe kwamba hati ya dharura peke yake haitoshi. Inachukua nafasi ya pasipoti. Haichukui nafasi ya kibali. Ndiyo maana wako waliofika ubalozini salama, ambamo polisi wa huko hawawezi kuingia bila idhini ya balozi, wakakaa humo majuma mengi wakingojea.

Pili ni kizuizi cha mahakama au polisi: kuna kesi, au deni. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, mtu aliyeshtakiwa kwa deni aweza kuwekewa marufuku ya kusafiri hata kama pasipoti yake iko mfukoni. Hapa ubalozi hauwezi kuiondoa marufuku, lakini waweza kumtafutia wakili na mkalimani, na kufuatilia kesi. Na akiwa amekamatwa, kifungu cha 36 cha mkataba kinaanza kazi: ni lazima aambiwe kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wake, na akitaka, ubalozi uarifiwe bila kuchelewa. Ujerumani iliishtaki Marekani kwa kuwanyima haki hiyo raia wake wawili waliouawa kwa hukumu ya mahakama ya Arizona. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja mkataba, na kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi pia, si ya serikali peke yake. Ikiwa Marekani yaweza kushtakiwa na kushindwa, hakuna nchi iliyo juu ya mkataba huo.

Tatu ni kizuizi cha faini: viza imekwisha, na kila siku inayopita inaongeza deni. Dawa yake mara nyingi ni mazungumzo ya serikali kwa serikali, au kungoja msamaha unaotangazwa kwa wote. Falme za Kiarabu zilitangaza msamaha wa namna hiyo kuanzia Septemba 2024, ukaendelea hadi mwisho wa mwaka huo. Aliyepata habari mapema alitoka bila kulipa. Asiyepata habari alibaki na deni lake. Kupeleka habari kama hizo kwa raia ni kazi nyepesi kuliko zote, na ofisi isiyoifanya haina udhuru.

Yule binti wetu alikuwa wa aina ya kwanza. Hakukamatwa na polisi. Alifungiwa na mtu binafsi ndani ya nyumba. Kwa hiyo kifungu cha 36 hakikumhusu moja kwa moja, na hakuna ofisa yeyote wa huko aliyekuwa na wajibu wa kuwaarifu watu wetu kwamba yumo. Mtu wa namna hiyo haonekani katika daftari lolote. Anayeweza kumfanya aonekane ni jamaa yake aliye hapa.

YALIYOTOKEA BEIRUT

Tuwakumbushe jambo la karibu. Tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut, Lebanon, ililipuka. Uchumi wa nchi hiyo ulikuwa umeporomoka tayari, na waajiri wengi waliwatupa wafanyakazi wao wa nyumbani barabarani. Wanawake wa Kenya walikwenda kwenye ofisi inayowakilisha nchi yetu mjini humo, wakalala nje ya mlango wake siku baada ya siku, wakidai warudishwe nyumbani. Wengi hawakuwa na pasipoti. Wengi walikuwa na faini za viza. Januari 2022 wengine walikuwa nje ya mlango ule ule, na dai lile lile.

Wakati huo Kenya haikuwa na ubalozi kamili Lebanon. Ilikuwa na konseli wa heshima, yaani mtu wa huko aliyepewa kazi hiyo bila kuwa mtumishi wa serikali yetu, na balozi aliyehusika alikaa Kuwait. Twajifunza nini? Kwamba nchi inaweza kuruhusu maelfu ya raia wake waende mahali ambapo haijaweka hata ofisa mmoja wa kudumu wa kuwatazama. Wanaoondoka huhesabiwa kwa fedha wanazotuma. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, kiasi kinachopita kwa mbali mapato ya chai yote tunayoiuza ng'ambo. Kiwanda kinapojengwa hapa, serikali hupeleka barabara ili lori la majani lifike. Wanaoleta zaidi ya chai wamepelekewa nini?

Na gharama ya uzembe huo twaijua. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili. Kwa wengi, sababu iliyoandikwa ilikuwa kusimama kwa moyo. Wengi wao walikuwa vijana waliopimwa hapa nyumbani na kuthibitishwa kuwa wazima kabla ya kusafiri.

BARUA YA PILI

Turudi kwa mama yule. Baada ya wiki saba za kimya tuliketi naye siku nzima tukakusanya mambo tuliyopaswa kuyakusanya mwanzoni. Nambari ya pasipoti tuliipata kwenye nakala iliyokuwa ndani ya Biblia ya baba. Jina la mwajiri na nambari yake ya simu zilikuwa kwenye mkataba, katika ile bahasha. Mtaa tuliujua kwa sababu binti aliwahi kutuma picha ya msikiti na duka la dawa yaliyoonekana dirishani. Tuliandika tarehe mkataba ulipokwisha, tarehe za kila ujumbe, na maneno yake mwenyewe jinsi alivyoyasema.

Kisha tukaandika upya. Safari hii hatukuomba. Tulitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo humpa mwananchi jibu ndani ya siku 21 kwa mambo ya kawaida. Sheria hiyo yasema pia, na tafadhali mlishike hili hata mkiyasahau mengine yote: habari inayoombwa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ofisi yapaswa kuitoa ndani ya saa 48. Tuliuliza maswali manne. Je, ubalozi umearifiwa juu ya mtu huyu? Tarehe gani? Umefanya nini? Ofisa gani anashughulikia? Tulitaja kifungu cha 47 cha Katiba, kinachompa mtu haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu za uamuzi unaomdhuru. Tulipeleka nakala kwa Mbunge, kwa idara inayosajili mawakala wa ajira, na kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ambayo wengi huiita Ombudsman. Kila nakala tulitaka ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Lilikuwa fupi, lakini lilikuwa na jina la ofisa na nambari ya simu. Kuanzia hapo mama alikuwa na mtu wa kumuuliza. Baada ya majuma matano binti alitolewa nyumbani humo na polisi wa huko, akapelekwa kwenye makao ya wafanyakazi, na baadaye akashuka Nairobi na mfuko mmoja wa plastiki. Mshahara wa miezi minane hajaupata hadi leo. Hatusemi ni barua yetu iliyomtoa. Pengine kuna ofisa mwema aliyefanya kazi yake bila sisi kumjua, na kama yuko twamshukuru. Twasema tu kwamba barua ya kwanza iliomba huruma ikapata kimya, na ya pili ilidai jibu ikalipata.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Hatuwaambii vijana wasiende. Mei 2023 tuliona mashine za kuchuma chai zikichomwa moto katika mashamba ya Kericho, na sote twajua hasira ile ilitoka wapi. Mashine moja huchukua kazi ya watu wengi, na aliyekosa kazi atatafuta njia. Lakini waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Anayekwenda na apange marejeo yake kabla ya kuondoka.

Sheria ya Ajira ya 2007 ina ulinzi ambao wachache wanaujua. Mkataba wa kazi ya nje ya nchi ni lazima uwe wa maandishi na uthibitishwe na ofisa wa kazi. Ofisa huyo hapaswi kuuthibitisha mpaka aridhike kwamba anayekwenda ameuelewa, amekubali kwa hiari, na hakudanganywa. Mwajiri akiwa haishi Kenya, yeye au wakala wake atatoa dhamana ili mkataba utimizwe. Kumshawishi mtu aende kazi ng'ambo bila mkataba wa namna hiyo ni kosa la jinai. Na wakala anayemdanganya kijana ili akatumikishwe, sheria ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu yamhesabia kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30.

Basi kila nyumba yenye msafiri iweke bahasha. Ndani yake muwe na nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba uliothibitishwa, jina na simu ya mwajiri, jina la wakala na nambari ya leseni yake, na nambari ya ubalozi. Msafiri na aiweke nambari hiyo kichwani pia, kwa maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Mpatane neno moja la siri, ambalo akilitamka katika mazungumzo ya kawaida mtajua ana shida. Na akizuiwa, harambee ya tikiti ingoje. Anzeni na barua.

TUNALODAI

Mtatuuliza: nyinyi watu wa mageuzi, mbona mmekuja kutuhubiria habari za ubalozi? Tulipopigania kifungu cha 2A kiondolewe, kikaondolewa Desemba 1991, hatukuwa tukitafuta vyama vingi ili wanasiasa wawe wengi. Tulitaka mwenye ofisi ya umma ajue kwamba ofisi si yake. Mageuzi yaliyomfikia chifu na hakimu ni lazima yamfikie na balozi.

Kwa hiyo twadai haya. Serikali isiruhusu wakala kupeleka mtu katika nchi ambayo Kenya haina ofisa wa kazi wa kumtazama. Kila ubalozi uweke daftari la raia waliolalamika, na idadi yao na hatua zilizochukuliwa zipelekwe Bungeni kila mwaka. Dhamana za mawakala zitumike kuwarudisha waliokwama, ili mzigo huo usibebwe na ndama wa mjane. Na kila mkataba wa kazi unaotiwa sahihi kati ya Kenya na nchi nyingine uchapishwe, tuusome. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ombi lenye madai haya manne liko juu ya meza ile, pamoja na kalamu. Asiyejua kuandika ataweka kidole gumba.

Babu zetu waliweka vidole gumba kwenye kipande, ili mwajiri apate kuwazuia. Leo tuwekeeni vidole vyenu hapa, ili watoto wetu waweze kurudi.